Msitu Uliorudi Watu Walipoondoka

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Port Bell, Kampala, pale ambapo reli fupi ya kutoka mjini inaishia ziwani. Kazi yenyewe haina jina kubwa. Siku za juma nafundisha Kiingereza cha kuanzia na kusaidia watu kujaza fomu. Jumamosi tunapanda boda, wawili wawili, tunaelekea upande wa Mukono kwa mzee mmoja mwenye malisho ya ng'ombe karibu na ziwa. Huko tunapanda miti ya asili. Tumeshafanya hivyo misimu mitatu ya mvua.

Makala hii imetokana na swali nililoulizwa msimu wa kwanza. Dada mmoja wa kundi letu, mzaliwa wa Fizi, alikuwa amechuchumaa na mche wa mvule mkononi. Akaniangalia, akasema, "Yaya, huu muti tunapanda ni wa nani?"

Nikamjibu haraka haraka, kama tunavyojibu kwenye semina: mti ni wa dunia nzima. Akacheka. "Dunia nzima haina kipande ya shamba hapa."

Wengine nao wakacheka, na kijana mmoja akaongeza, "Mie nilishapanda maembe kule Kyangwali. Tulihama. Sasa mwingine njo anakula." Tukaendelea kuchimba mashimo, lakini lile swali halikuondoka kichwani. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma historia ya ufuko huu, kidogo kidogo, kwa vitabu vya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndugu msomaji, uwe Nakivale, Kyaka au ofisini kwako, nataka nikueleze nilichokuta. Kinatuhusu.

Jina la bandari

Wengi wetu tunaijua Port Bell kwa mambo matatu: bandari, gereza la Luzira, na kiwanda cha bia. Bia ya Bell ilichukua jina la bandari, na bandari ilichukua jina la mtu. Huyo ni Hesketh Bell, Mwingereza aliyefika mwaka 1906 kuitawala Uganda kwa niaba ya mfalme wake, akaondoka mwaka 1909. Miaka mitatu si mingi, lakini amri alizotoa zilibadilisha ufuko wote huu.

Tusifikiri kwamba alikuta pori tupu. Mwaka 1929, wakati wa kuchimba kwenye uwanja wa gereza la Luzira, kilipatikana kichwa cha udongo wa kuchoma, kazi ya mikono ya watu wa zamani sana. Leo kiko London, kwenye jumba la makumbusho la British Museum. Kwa hiyo watu waliishi hapa, wakalima, wakavua, wakafinyanga, kabla bandari haijapata jina.

Bell alipofika, watu wa ziwani walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa malale. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, walianza kuona wagonjwa wake. Mtu anaumwa kichwa, anadhoofika, anasinzia mchana, mwisho halali wala haamki sawasawa, kisha anakufa. Mwaka 1903 daktari wa jeshi David Bruce, akifanya kazi Entebbe, alionyesha kwamba ugonjwa unabebwa na mbung'o. Wakati huo maiti walikuwa wengi mno. Kwa miaka michache tu, zaidi ya watu 200,000 walikufa Busoga, Buganda na kwenye visiwa.

Mbung'o wa ziwani anapenda kivuli. Anakaa kwenye vichaka na miti iliyo karibu na maji, anasubiri mtu aje kuchota au kusukuma mtumbwi. Basi mti wa kando ya maji ukawa adui. Serikali ikafanya mambo mawili. Kwenye sehemu za kushukia mitumbwi na meli, ambako lazima watu wapite, vichaka vilifyekwa ili nzi akose kivuli. Kwingine kote ikafanya kinyume chake: ikaacha miti, ikaondoa watu. Ilitolewa amri kwamba watu wahame umbali wa maili mbili kutoka majini. Kazi hiyo ilifanywa kupitia machifu wa Buganda, na ikafika mbali kwa muda mfupi. Mwaka 1909 watu wa visiwa vya Ssese nao wakahamishwa.

Niliposoma hapo nilifunga simu kwanza. Maana najua jinsi familia inavyoondoka. Unabeba sufuria, unaacha migomba. Unabeba mtoto, unaacha kaburi la bibi. Wale waliokuwa wagonjwa tayari walipelekwa kwenye kambi za wagonjwa. Neno ni lilelile, kambi, na dawa ya kweli haikuwepo. Daktari Mjerumani Robert Koch, mtu maarufu duniani, alikaa Ssese kati ya 1906 na 1907 akijaribu dawa iitwayo atoxyl, yenye aseniki ndani. Baadhi ya wagonjwa walipofuka.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Amri ya kuhamisha watu ilipunguza vifo sana, na Bell hakuwa na dawa nyingine ya kuwapa watu. Lakini anayeokolewa kwa kuhamishwa bado amehamishwa. Sisi tunaweza kulielewa hilo bila mtu kutufafanulia.

Nani alipanda?

Sasa nakuja kwenye msitu. Watu walipoondoka, shamba likabaki bila mkono. Mgomba usiopaliliwa unasongwa na nyasi. Nyasi zikikaa bila moto na bila ng'ombe, vichaka vinaingia. Kisha inakuja miti ya haraka, kama musizi, ambao unakwenda juu kama umetumwa. Chini ya kivuli chake inaanza miti ya polepole. Kufikia miaka ya 1920, watu waliporuhusiwa kuanza kurudi Ssese, sehemu nyingi zilizokuwa mashamba zilikuwa zimeshachukuliwa na miti.

Hakuna shirika lililopanda. Hakukuwa na vitalu wala fulana zenye nembo. Waliopanda ni ndege na popo. Hondohondo anameza tunda la musizi au la muwafu, anakwenda kutua mbali, anaangusha mbegu. Mvule unabebwa na popo, wale wakubwa wanaokula matunda. Mnaokaa Kampala mnawajua: ni wale wanaoning'inia kwa maelfu kwenye miti ya Bugolobi, hapa hapa kando ya barabara ya kuja Port Bell, na watu wanawalalamikia kwa kelele na harufu. Jioni wakiruka kuelekea ziwani, mimi siku hizi nawaangalia kama wafanyakazi wanaoingia zamu ya usiku.

Jambo kama hilo lilitokea tena baadaye, katika msitu wa Mabira, kwenye barabara ya Jinja. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, watu walihimizwa kulima zaidi, na wengi wakaingia Mabira na kufungua mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakatolewa. Msitu ukaota tena palipokuwa mahindi na ndizi. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kukipa kiwanda cha sukari hekta zipatazo 7,100 za msitu huohuo, Kampala iliandamana na watu wakafa barabarani. Msitu ambao sehemu yake ilikuwa mashamba miaka ishirini nyuma, sasa watu walikuwa tayari kuupigania.

Ukiyaweka pamoja mambo hayo mawili unaweza kupata somo rahisi: toa watu, msitu utarudi. Nimelisikia somo hilo kwenye mikutano, likisemwa kwa lugha ya adabu. Na kila likisemwa, sisi wakimbizi tunaangalia chini, kwa sababu tunajua watu wa kutolewa ni akina nani.

Ni kweli tunakata miti. Sufuria haichemki kwa maneno. Yeyote aliyeishi kwenye makazi yetu ameona jinsi kuni zinavyozidi kuwa mbali mwaka hadi mwaka, na jinsi mama na binti zake wanavyolipa kwa miguu yao. Lakini misitu ya Uganda ilikuwa karibu asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Hasara hiyo kubwa haikutokea kambini. Sehemu kubwa ilitokea kwenye ardhi ya watu binafsi, ambako mwenyewe anakata ili auze mkaa, achome matofali, alime, au apate malisho. Hata Ssese, ule msitu ulioachwa na malale, sehemu yake katika kisiwa cha Bugala ilikatwa kuanzia miaka ya 2000 kupisha michikichi ya mafuta. Kwa hiyo kurudisha msitu leo hakuwezi kuwa kazi ya kufukuza watu. Watu wapo, na ardhi ina wenyewe. Lazima msitu urudi watu wakiwa ndani.

Ardhi ya maili

Mzee wetu ana ng'ombe kumi na wanne na malisho ya ekari tisa. Zamani alifanya kazi kwenye feri za mabehewa zilizokuwa zikitoka hapa kwenda Mwanza na Kisumu, ndiyo sababu anajua Kiswahili, cha bandarini, kigumu kidogo lakini kinaeleweka. Anasema alipokuwa mtoto sehemu hiyo ilikuwa na miti mikubwa hadi kwenye mafunjo. Ilikwisha kwa matofali na mkaa, Kampala ilipokuwa inajengwa. Sasa kijito kinachopita humo kinakauka kila Januari, na anabeba maji kwa madumu kunywesha ng'ombe. Ndiyo maana alikubali wazo letu tulipomfuata.

Alikubali, kisha akakataa. Tulikuwa tumeshachimba mashimo. Akaja na fimbo yake, akasimama, akasema, "Vijana, mimi napenda nyinyi. Lakini miti iko na maneno."

Nilidhani anatafuta pesa. Kumbe alikuwa anasema historia.

Mwaka 1900 Waingereza na machifu wa Buganda walitia sahihi mkataba. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo wakubwa waliotawala kwa niaba yake, akiwemo Apolo Kagwa, ndio walioamua. Ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba, na hapo ndipo lilipotoka neno mailo. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa machifu na watu binafsi wapatao 1,000. Misitu, maili za mraba 1,500, ikawa ya serikali ya Kiingereza. Mkulima aliyekuwa amekaa hapo tangu babu yake aliamka asubuhi akiwa mpangaji. Mwaka 1928 ikatungwa sheria ya busuulu na envujjo iliyoweka kikomo cha kodi na kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo maadamu analima. Mwaka 1975 Amin akafuta mailo, akasema ardhi yote ni ya taifa. Katiba ya 1995 ikairudisha, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikawapa nguvu tena wenye vibanja.

Kwa hiyo kwenye ardhi kama ya mzee huyu kuna watu wawili kila mahali: mwenye hati na mwenye kibanja. Wote wawili wanaangaliana. Na njia moja ya zamani ya kuonyesha kwamba mahali ni pako ni kupanda kitu kinachodumu. Mahindi yanaondoka baada ya miezi minne, mti unabaki na kutoa ushahidi. Hata katika ukoo wa Kiganda, tawi moja la ukoo linaitwa mutuba, jina la mti ule unaotoa kitambaa cha gome. Yaani mti na watu wa mahali wanaitwa jina moja.

Hofu ya mzee ilikuwa hiyo. Leo vijana wamepanda miti mia mbili. Kesho kutwa atakuja mtu na karatasi aseme, miti hii tulipanda sisi, hapa ni kibanja chetu. Alikwishaona majirani zake wakienda mahakamani kwa kahawa chache.

Na hofu yetu ilikuwa ileile, imegeuzwa tu upande. Sisi kwa sheria hatuwezi kumiliki mailo. Asiye raia anaweza kukodi kwa lizi, basi. Kwenye makazi tunapewa kipande cha kujenga na kulima, tunashukuru, lakini hatuwezi kukiuza, na hatujui mtoto atakikuta. Mvule unahitaji miaka hamsini au zaidi kuwa mti wa maana. Nani mwenye akili anapanda mti wa miaka hamsini mahali asipojua kama atakuwepo miaka mitano?

Basi tulikuwa tumesimama pale kwenye mashimo, pande mbili, kila upande unaogopa mti.

Waliojaribu kulipa

Kuna jaribio moja ambalo wasomaji wa Kyangwali mnapaswa kulijua, kwa sababu lilifanyika jirani yenu. Kati ya 2011 na 2013, huko Hoima na kaskazini ya Kibaale, shirika la kulinda sokwe liitwalo Chimpanzee Sanctuary and Wildlife Conservation Trust liliwaambia wenye misitu binafsi hivi: usipokata, tutakulipa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka. Watafiti, wakiongozwa na Seema Jayachandran, walichukua vijiji 121. Katika vijiji 60 watu walipewa nafasi hiyo, vingine vikaachwa kama kawaida ili kulinganisha. Baada ya miaka miwili, vijiji vilivyoachwa vilikuwa vimepoteza asilimia 9.1 ya miti yake. Vile vilivyopewa nafasi vilipoteza asilimia 4.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Mimi natoa mambo mawili hapo. Kwanza, mwenye ardhi si adui wa msitu. Anakata kwa sababu ana shida ya pesa ya leo: ada ya shule, mgonjwa, msiba. Ukipunguza shida hiyo kidogo, panga inapumzika. Pili, hata kwa malipo hayo, ni karibu theluthi moja tu ya wenye misitu walioingia. Na mkataba ulikuwa na mwenye msitu. Mpangaji, mchungaji, au mkimbizi anayekwenda kuokota kuni humo, hakuwa sehemu ya mkataba. Shilingi zikiisha, mkataba nao unaisha.

Sisi hatukuwa na shilingi 70,000 za kumpa mtu yeyote. Tulikuwa na mikono na Jumamosi.

Karatasi moja

Tulichofanya ni kukaa. Tulikaa mara nne chini ya mti wa mutuba uliobaki, na mara ya mwisho tulimwita mwenyekiti wa LC1 na mtoto mkubwa wa mzee, kwa sababu mzee akifa tutabaki na mtoto. Dada wa Fizi ndiye aliyeandika, ana mwandiko mzuri. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Inasema ardhi na miti yote ni ya mzee na wanawe, na sisi hatutadai kibanja leo wala kesho. Inasema kwa miaka kumi tunaruhusiwa kuingia kutunza miti, kuokota kuni zilizoanguka, kuokota mbegu, na kuweka mizinga ya nyuki. Inasema mzee hatakata mti uliopandwa ndani ya miaka hiyo bila kutuita tuzungumze. Na inasema ng'ombe hawataingia ndani ya uzio, ila nyasi za ndani tutazikata sisi na kumpelekea.

Hilo la nyasi ndilo lililomlainisha. Kurudisha msitu kwenye malisho kunaanza na ng'ombe. Ng'ombe anakula mche, na asipoula anaukanyaga. Hatukumwambia auze ng'ombe wake, na tungemwambia angetufukuza kwa haki kabisa. Tulizungushia uzio sehemu ndogo kwanza, kandokando ya kijito, ambako udongo una unyevu na visiki vya zamani bado viko hai. Nguzo zetu ni za lusambya, na katikati tumechomeka vijiti vya mutuba, ambavyo vinaota vyenyewe na kuwa uzio usioliwa na mchwa.

Wenye mpango kama huu wajifunze kwa makosa yetu. Msimu wa kwanza tulipanda mvule peke yake, mistari mizuri kama shamba la pamba. Majani yakavimba vinundu, miche ikafa kutoka juu. Ni mdudu aitwaye Phytolyma, anafurahia sana akikuta mvule umejaa mahali pamoja na jua kali. Msimu wa pili tukachanganya: musizi na mugavu kwanza ili kuleta kivuli, mvule mmoja mmoja katikati, mbalimbali. Tena tukaacha kupanda kila mahali. Tulipozuia ng'ombe, visiki vilichipua vyenyewe, na chini ya ule mutuba mkubwa yakaota mambo ambayo hatukuyapanda. Popo na ndege wameshaanza zamu yao. Kazi yetu hapo ni kupunguza nyasi na kutoingilia.

Kabla yetu shirika moja lilikwishafika kijijini hapo. Lilileta miche ya mikaratusi, likapanda mchana mmoja, likapiga picha, halikurudi. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu wafanyakazi wa mashirika mnasoma jarida hili, na wengi wenu mna moyo kuliko fomu mnazojaza. Fomu inauliza miti mingapi imepandwa. Ingeuliza pia ardhi ni ya nani, nani amekubali, ng'ombe wako wapi, na nani atarudi mwezi wa saba kuangalia. Na ingeuliza aliyepanda atapata nini kama mti si wake. Kijana mkimbizi akilipwa posho ya siku moja kupanda mche, atapanda mche wa siku moja.

Sasa kundi letu linauza miche ya asili tuliyootesha kwa mbegu za pale kwa mzee. Si pesa nyingi, lakini mwezi uliopita ililipa nauli za wote na daftari za watoto wanne. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 inamruhusu mwenye ardhi kuandikisha msitu wake wa asili serikalini, na mtoto wa mzee ameanza kuulizia hilo wilayani. Karatasi yetu ya LC si hati. Nalijua hilo, na kila mtu kwenye kundi analijua. Mzee akiuza ardhi kesho kwa mtu wa nyumba za kupangisha, uzio wetu hautasimamisha tingatinga.

Dada wa Fizi hayupo tena hapa. Familia yake ilipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, waliondoka mwezi wa pili. Kabla ya kuondoka nilimjibu lile swali lake vizuri zaidi. Nilimwambia mti ni wa mzee, na baadaye wa mtoto wake, kama karatasi inavyosema. Mbegu zake zikianza kuanguka, tuna haki ya kuziokota hadi miaka kumi ipite, na baada ya hapo itabidi vijana watakaokuwepo wakae tena chini na watoto wa mzee. Akasema, "Sawa. Lakini mimi siye nitaokota." Nikasema, ndiyo, si wewe. Hakucheka, na mimi sikuongeza kitu.

Watu wa ufuko huu waliondolewa, na msitu ukarudi bila kuwauliza. Mimi ningependa kuona mara moja, hata kwa ekari mbili tu, msitu ukirudi huku ng'ombe wanalia upande wa pili wa uzio, mzee anagombana na mtoto wake, na vijana wa Bukavu na Uvira wanakata nyasi na kubishana mpira. Mpaka sasa mvule uliobaki hai ni ishirini na tatu. Wake ni wa nne kutoka kwenye kijito. Umefika kifuani kwangu.

Jumamosi ijayo tunarekebisha uzio upande wa mafunjo. Kuna ng'ombe mmoja mwekundu amejifunza kupita. Mwenye panga na nafasi aje. Tunaondoka stendi ya Port Bell saa moja asubuhi.